Tuko watu 9, wanataka siti 15: tununue vani gani?

Shikamoo Mjomba Usukani,

Nakusoma siku zote lakini sikudhani ipo siku nitakuandikia, maana mambo ya magari nyumbani kwetu yana wenyewe. Leo uvumilivu umenishinda.

Tuko watu 9: mimi, mume wangu, watoto 6, na mama mkwe tunayeishi naye. Mtoto mkubwa ana miaka 14 na miguu yake imeshaipita ya baba yake. Wanaofuata wana miaka 11, 9, 6 na 3, na kitinda mimba ana mwaka mmoja na nusu. Gari tulilonalo lina siti 7. Hesabu unaiona mwenyewe. Tukitoka wote, ama tunakwenda kwa mikupuo miwili, ama mtu anabaki nyumbani kusubiri kufuatwa, na anayebaki huwa ni mimi. Harusi ya mdogo wangu wa mwisho nilifika watu wanakunja viti.

Sasa tumekubaliana kununua vani kubwa ya abiria, iliyotumika lakini isiyochoka. Makubaliano yameishia hapo.

Mume wangu anataka Mercedes-Benz Sprinter. Ameshaiona moja, ya dizeli, paa la juu, siti 15, na tangu aione anazungumza kwa sauti ya mtu aliyepandishwa cheo. Anasema Mercedes mtu hununua mara moja tu. Shemeji yangu, mdogo wake, anamcheka. Yeye anataka tuchukue Chevrolet Express, nayo ya siti 15, kwa sababu imekaa juu ya chesisi ya kweli, ina injini ya V8, na fundi yeyote anaweza kuifungua akiwa amefumba macho. Hizo nyingine anaziita makopo. Dada yangu naye alipopiga simu akasema tunajisumbua bure, tununue Toyota HiAce kama watu wengine.

Mimi rafiki yangu aliniazima Ford Transit yake kwa siku mbili, ya petroli, siti 12, paa la kati. Mjomba, niliiendesha kama gari dogo. Nilisimama ndani nikamfunga mtoto mkanda bila kuinama kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Niliporudi kusema hivyo, mume wangu akasema siti 12 ni kujibana bure, tukinunua tununue 15 ili watoto wa kaka yake wakija likizo wapate nafasi. Shemeji akasema Ford zinaharibika. Kisha wakarudi kubishana wao kwa wao.

Nikupe na mengine unayohitaji kujua. Dereva ni mimi. Kila siku ya shule ni kilomita 4 kwenda na 4 kurudi, asubuhi na tena mchana. Mara moja au mbili kwa mwezi tunakwenda safari ya kilomita 300 hivi, na siku hiyo tunabeba kila kitu isipokuwa nyumba yenyewe. Mama mkwe ana magoti mabaya, ngazi kwake ni adhabu. Sehemu yetu ya kuegesha ina paa. Nimepima kwa futi ya cherehani nikapata mita 2.3. Mume wangu anataka pia keria kubwa juu ya gari kwa ajili ya mizigo. Na mama mkwe amesikia kwamba vani kubwa zinapinduka, kwa hiyo kila tukitaja siti 15 anashika kichwa.

Tuchukue ipi? Na niseme vipi nisionekane namkaidi mume wangu mbele ya ndugu yake? Mimi ndiye nitakayeshika usukani huo kwa miaka, lakini mpaka leo swali pekee nililoulizwa ni la rangi.

Mama Sita

* * *

Marahaba mpwa wangu,

Nianze na jibu, maana najua unasoma huku mtoto yuko mkononi. Chukueni Transit ya siti 12, ya petroli, paa la kati, kama ile uliyoazimwa. Sababu zake ni ndefu, na si zote zinazoisifu Ford.

Mumeo na shemeji yako wanagombania nembo, lakini kwenye jambo lililo kubwa kuliko nembo wako pamoja bila kujua, na wote wawili wamekosea: hizo siti 15. Mama mkwe wako, ambaye nadhani hakuna aliyemuuliza, ndiye aliyesema la maana kuliko wote. Mwaka 2001 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa tahadhari juu ya vani za siti 15. Walipochambua ajali za gari moja, yaani zile ambazo hukugongana na gari jingine, waliona kwamba vani iliyobeba watu 10 au zaidi ilipinduka karibu mara 3 zaidi ya ile iliyobeba watu wachache. Gari ni lile lile, kilichobadilika ni watu waliomo.

Sababu yake unaweza kuielewa hata bila kuwa fundi. Vani tupu uzito wake mwingi uko chini na mbele: injini, gia, chesisi. Ukiingiza abiria unaongeza uzito juu, usawa wa vifua vya watu. Ukijaza safu ya mwisho, uzito huo unakaa nyuma ya ekseli ya magurudumu ya nyuma, kama mtu mnene aliyekalia ncha ya benchi. Usukani unakuwa mwepesi, mkia unakuwa na akili yake, na dereva akikata kona ya ghafla kumkwepa mbwa, nyuma inafika kwenye kona baada ya mbele kuwa imeshaondoka. Kwa hiyo ushauri unaotolewa kwa vani hizi ni kwamba mkiwa wachache kaeni safu za mbele, na mizigo isirundikwe nyuma ya ekseli.

Sasa jiulize: mko 9. Katika gari la siti 15, siti 6 zitakuwa tupu siku nyingi za mwaka, na tupu haikai tupu. Itaingia mizigo, halafu atakuja jirani na wanawe, kisha watoto wa kaka na mabegi yao. Nimeona familia nyingi zikinunua nafasi ya akiba, na sijaona hata moja ambayo akiba hiyo ilidumu. Siti 12 zinawatosha nyinyi 9 na watoto watatu wa likizo. Siku ambazo wageni hawapo, fungueni siti za nyuma mpate sakafu ya kuweka mizigo chini. Ni nzito, zinataka watu wawili, na unao kijana wa miaka 14 mwenye miguu mirefu.

Fanya na hesabu ya uzito. Nyinyi watu wazima watatu tuseme ni kilo 220 kwa pamoja. Watoto wote 6, kwa umri uliotaja, wako karibu kilo 170. Siti za watoto kilo 20, mizigo ya safari kilo 150. Jumla ni kama kilo 560. Hilo vani yoyote kati ya hizo kubwa italibeba. Lakini jaza siti 15 kwa watu wazima wa kilo 70 na umeshafika kilo 1,050 kabla hujapakia begi hata moja. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna stika au kibati kinachotaja uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa. Mpe mumeo kazi ya kukisoma. Namaanisha, mpe kweli. Nitarudi kwenye hilo.

Kuna na suala la leseni ambalo hakuna aliyelitaja. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, leseni ya kawaida ya daraja B inaishia kwenye gari la abiria 8 na dereva wao. Ukizidisha siti unaingia daraja jingine. Kwingine mpaka uko juu zaidi. Popote ulipo, uliza leseni yako inaruhusu siti ngapi, na bima inataka nini, kabla pesa haijatoka. Kinachohesabiwa mara nyingi ni siti zilizoandikwa kwenye kadi ya gari, si watu mliomo siku hiyo.

Tuje kwa watoto, na hapa nitakawia kwa sababu wauzaji hawakawii.

Watoto wako watatu wanahitaji kitu cha kukalia zaidi ya siti ya gari: wa mwaka mmoja na nusu na wa miaka 3 kwenye siti zao za watoto, na wa miaka 6 kwenye siti ya kumwinua. Vani kubwa ziliundwa zaidi kwa ajili ya hoteli na viwanja vya ndege kuliko kwa ajili ya akina mama. Usidhani kwamba gari lenye siti 12 lina pointi 12 za kufungia siti za watoto. Ingia ndani, pitisha vidole katikati ya mto wa kukalia na wa mgongo, uhesabu mwenyewe vyuma vya ISOFIX, vile vya kunasia siti ya mtoto. Kisha tafuta nyuma ya kila siti kile kitanzi cha kufungia kamba ya juu. Bila kitanzi hicho siti nyingi za watoto zinazotazama mbele hazijafungwa ipasavyo, hata kama zimekaza chini.

Halafu angalia mikanda, siti kwa siti. Vani za zamani nyingi zina mkanda wa kiuno tu kwenye siti za katikati. Siti ya kumwinua mtoto wa miaka 6 haifanyi kazi na mkanda huo. Kazi yake yote ni kumpandisha ili mkanda wa bega upite kifuani badala ya shingoni, sasa kama mkanda wa bega haupo unampandisha kwenda wapi? Siti yoyote yenye mkanda wa kiuno tu ihesabu kama ya mizigo. Utashangaa siti 15 za shemeji yako zinabaki ngapi.

Upangaji wake: wadogo wawili safu ya pili, karibu na mlango, ambapo mkono wako unafika. Wa miaka 6 nyuma yao. Wale wanaojipanda na kujifunga wenyewe waende mwisho. Mama mkwe akae mbele ambako mlango unafunguka wote, kuna mpini wa kushika, na anaweza kukukosoa uendeshaji bila kupaza sauti. Na kidaraja cha kukanyagia si pambo, kama gari halina, wekeni. Usikubali mtu akwambie mama atazoea. Mpelekeni, apande na kushuka mara tatu, mumwangalie uso.

Jambo moja linasahaulika sana na magari yaliyotumika. Vani nyingi zina mlango wa pembeni upande mmoja tu. Kama gari liliundwa kwa nchi inayoendesha upande mwingine wa barabara, mlango huo utakuwa unafungukia kwenye magari yanayopita. Kwa mtu anayeshusha watoto wanne shuleni kila asubuhi, hilo pekee linatosha kulikataa gari zuri.

Haya, magari yenyewe sasa.

Sprinter. Mumeo hana macho mabaya, nikiri. Imekuwepo tangu 1995, dereva anakaa vizuri, ndani kuna utulivu, na kwenye barabara kuu yenye upepo wa ubavuni matoleo ya karibuni yana mfumo wa kulishikilia gari lisisukumwe. Kama mngekuwa watu wa kilomita 300 kila siku ningemuunga mkono na shughuli ingeishia hapo. Lakini hiyo aliyoiona ni ya dizeli, na maisha yako ni kilomita 4. Dizeli za kisasa zina kichujio cha masizi kwenye mfumo wa moshi, na kichujio hicho hujisafisha kwa kuyaunguza masizi, kazi inayotaka moto mkali na mwendo mrefu wa mfululizo. Kilomita 4 injini haijapata hata joto. Utazima, utawasha, utazima, na masizi yanajikusanya mpaka taa iwake kwenye dashibodi. Safari moja au mbili kwa mwezi hazilipi deni la wiki nne. Juu yake kuna tangi la AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi wa dizeli. Likikauka na wewe ukapuuza onyo, gari hukataa kuwaka, na halitajali kwamba kengele ya shule inagonga.

Tena haliingii kwenye maegesho yako. Hata Sprinter ya paa la kawaida inapita mita 2.3, sembuse ya paa la juu.

Usicheke bado. Transit yako ya paa la kati nayo haiingii, ina kama mita 2.5. Futi yako ya cherehani imekuonyesha jambo ambalo moyo wako haukutaka kuliona. Ipo ya paa la chini, karibu mita 2.1, ambayo ingeingia. Nimelifikiria hilo sana, na bado nasema paa la kati, gari lilale nje. Utamfunga mtoto mkanda mara mbili, tatu kwa siku kwa miaka mingine mitatu. Kufanya hivyo umesimama wima kuna thamani kuliko rangi kukwajuka polepole. Lakini maegesho ya majengo yenye paa fupi uyasahau, na weka kikaratasi chenye urefu wa gari mahali unapokiona ukiwa umekaa. Wanaogonga paa si wageni wa gari, ni wenye gari waliosahau siku moja. Paa la juu kabisa, la takribani mita 2.8, achana nalo. Hakuna wa kulitumia urefu huo nyumbani kwako, na upepo utalitumia.

Express. Shemeji hadanganyi, chesisi ni ya kweli, na kama mngekuwa mnavuta trela nzito ningesema msikilizeni. Umbo lake limebaki karibu vilevile tangu 1996, jambo linalofanya vipuri na ujuzi wake vijulikane. Lakini hapo hapo kuna mtego. Kwa kuwa ya zamani na ya juzi zinafanana, ni rahisi kuuziwa ya umri mkubwa yenye rangi mpya. Angalia mwaka kwenye kadi, usiuangalie kwenye sura. Injini yake imeingia ndani ya chumba kwa kiasi, kuna nundu inayokula nafasi ya miguu ya abiria wa mbele, yaani miguu ya mama mkwe. Huwezi kusimama ndani. Nyingi zina milango ya pembeni ya kufunguka nje badala ya kuteleza, na katika foleni ya shule gari la jirani likiwa karibu, mlango wa namna hiyo haufunguki hata nusu. Na V8 inakunywa, hilo hata shemeji hatalipinga.

HiAce. Dada yako naye ana hoja. Ni fupi, inageuka pembamba, ya paa la kawaida haifiki mita 2, na imejengwa kuanzia 1967 bila kupumzika. Toleo lililoanza 2004 injini iko chini ya siti za mbele, kwa hiyo hakuna pua: mbele ya magoti yako kuna bati na kioo, basi. Toleo la 2019 limepewa pua fupi na injini ikasogezwa mbele, na kwa familia ndilo ningetazama. Uliza pia ni HiAce ipi, maana kuna ya siti 10 iliyoundwa kama gari la watu na kuna ya siti 14 ya kubebea abiria, yenye vijisiti vya kukunja kwenye njia. Kijisiti cha kukunja si mahali pa siti ya mtoto. Na kuna za tatu, hatari kuliko zote: za mizigo zilizoongezewa siti baadaye na mtu mwenye mashine ya kuchomelea. Siti iliyoshikiliwa na bolti kwenye sakafu ya bati, ambayo haikupimwa kwa kazi hiyo, inang'oka na mtu aliyejifunga. Chungulia chini ya gari uone siti zimeshikwa na nini. Hili linazihusu hata Sprinter na Transit, kwa kuwa zote huuzwa pia kama magari ya mizigo. Kwa nyinyi 9 na mizigo ya kilomita 300, HiAce ya siti 10 itawabana. Mngekuwa 7 ningekwambia nunua jana.

Transit, kipenzi chako. Ulaya ipo tangu 1965, Amerika Kaskazini iliingia ikiwa toleo la 2015. Inauzwa kwa urefu tofauti na mapaa matatu, na kwa mpangilio wa siti tofauti, kwa hiyo unaweza kupata inayowafaa badala ya kujikunja muifae. Ya petroli ya V6 haina ugomvi na kilomita 4 zako. Urefu uchukue wa kati, mita 6 hivi. Ile ndefu kabisa yenye mkia uliorefushwa inakaribia mita 6.7, na utaegesha kwa machozi. Kwa maneno ya shemeji kwamba zinaharibika, mjibu kwa jambo la hakika. Mwaka 2017 Ford iliziita Transit nyingi za matoleo ya 2015 hadi 2017 za Amerika Kaskazini, kwa sababu kiungo cha mpira kwenye propela shafti, ule mtaimbo unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, kilikuwa kinapasuka. Kama mtakayoiona ni ya miaka hiyo, chukueni namba ya chesisi mkaulize kwa wakala kama kazi hiyo ilifanyika. Kama haikufanyika, ifanyike kabla ya kulipa.

Chochote mtakachochukua, kiwe na mfumo wa kielektroniki wa kulinyoosha gari linapoanza kuteleza, ule unaoandikwa ESC. Marekani iliulazimisha kwa magari mepesi yote kuanzia toleo la 2012. Kwa vani ndefu yenye watoto 6 ndani, gari lisilo nao silitaki nyumbani kwa mpwa wangu, liwe la nembo ya dhahabu.

Nilisema nitarudi kwa mumeo. Usiende nyumbani na barua hii kama hati ya mahakama. Kwanza atakwambia Mjomba Usukani ni nani, na atakuwa na haki. Omba jambo moja tu: Jumamosi moja, watu wote 9, siti za watoto zote, na mabegi mawili matatu yenye kitu ndani, mwende kuijaribu Sprinter yake, kisha Express, kisha Transit. Endesha wewe, njia ya shule, na uegeshe kinyumenyume kila moja. Yeye akae safu ya nyuma kabisa. Hujawahi kuona mtu anavyobadili msimamo akikaa siti ya mwisho ya gari refu kwa nusu saa.

Shemeji naye mpe heshima yake, usimpe nafasi ya kubisha. Mwambie wewe huwezi kusoma matairi, akusaidie. Kwenye ubavu wa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu 4: mbili za wiki, mbili za mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Asome yote 4, na la akiba pia, maana akiba huzeeka likiwa limelala bila kutumika na watu huja kulifunga wakidhani ni jipya. Apime na upepo, mbele na nyuma, kwa kipimo cha kwenye stika, si kwa kupiga teke. Vani iliyojaa ikipasukiwa tairi la nyuma ndipo yanapoanza yale anayoyaogopa mama mkwe. Hiyo ni kazi ya mtu makini, na akiifanya vizuri mshukuru mbele ya kaka yake.

Kuhusu kumkaidi mumeo, mwambie kweli yenyewe kama ulivyoniambia mimi, mkiwa wawili, bila shemeji. Kwamba umechoka kuwa wa kufuatwa, na kwamba hutaki gari unaloogopa kuliegesha, kwa sababu gari unaloliogopa utaliacha nyumbani, na mtarudi kwenye mikupuo miwili.

Keria ya juu: hapana. Umeshaweka watu 9 juu ya magurudumu manne, usiweke tena kilo 100 juu ya vichwa vyao. Mizigo iwe chini, ndani, mbele ya ekseli ya nyuma kadiri inavyowezekana, imefungwa kamba. Isiyoingia ibaki.

Na lile swali la rangi, safari hii waachie wao.

Mjomba Usukani